Mkono wa Breki

Mlinzi wa gati hakuinuka Inspekta alipofika. Alikuwa amekaa langoni kwenye kiti chake cha chuma, kofia ameipakata, na alichosema ni kwamba pole zimemwisha mdomoni, afande apite tu akamalize.

Kumaliza ndiko alikotumwa. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, kwa sababu mtu amekwisha kukiri, na mtu akikiri, alisema, kazi ya polisi inabaki kupiga muhuri. Aliyekiri alikuwa shemeji wa marehemu. Alikuja kituoni jana kwa miguu yake, moja kwa moja kutoka mazikoni, udongo ungali kwenye viatu, akasema yeye ndiye aliyelegeza breki ya winchi akijua mzee yumo ndani. Hakutaka wakili. Alitaka kalamu.

Lakini siku ya kifo, kabla maiti haijaondolewa, mtu huyohuyo alikuwa amesema jambo jingine. Koplo ndiye aliyelisikia, na tangu hapo lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki. Shemeji alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, akirudia maneno yaleyale: "Niliangalia breki. Haikuwa na kitu." Koplo alidhani anasema breki haikuwa na hitilafu. Sasa hakuwa na hakika tena.

Winchi lenyewe lilisimama mwisho wa gati, mahali lilipoachwa siku meli za mvuke zilipokoma kuja. Halmashauri ya mji ilikuwa imelipaka rangi upya, nyeusi mwilini na nyekundu kwenye magurudumu, ikalizungushia kamba na kuliwekea ubao wa maelezo: mwaka lilipoletwa, mzigo lilioweza kuinua, makaa liliyokula kwa siku. Wageni walikuwa waje kulizindua kama kumbukumbu ya mji siku moja baada ya ile aliyokufa mtu ndani yake. Boila lake lilikuwa halijaona moto kwa miaka. Ndoano, hata hivyo, ilikuwa imebaki juu kwenye kamba yake ya chuma, nzito kama ng'ombe wawili, na kilichoizuia isishuke kilikuwa breki peke yake. Breki ikilegea, ndoano inashuka, kamba inavutwa, na gia zote za ndani zinazunguka.

Marehemu alikuwa dereva wa winchi hilo tangu ujana wake mpaka gati lilipofungwa. Mji mzima ulimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilolitamka kila mzigo ulipoanza kuinuka. Aliyemchochelea moto wa boila miaka yote hiyo alikuwa mdogo wa mkewe. Mzee alimwita Shemeji, basi watu wote wakamwita Shemeji, hata wasiokuwa na undugu naye. Halmashauri ilipotaka winchi lisafishwe iliwaita wote wawili, na walikuja siku hiyohiyo, kila mmoja na kopo lake la grisi.

Mzee Taratibu alikutwa katikati ya gia mbili.

Inspekta alimwambia Koplo aingie ndani ya winchi. Mlango ulikuwa nyuma, mdogo, wa kupita mtu akitambaa. Yeye mwenyewe akapanda ngazi hadi kwenye kibanda cha dereva, mbele, akasimama pale alipokuwa amesimama Shemeji. Ndoano sasa ilikuwa imelala kwenye mbao za gati, hakukuwa na hatari tena. Kati ya kibanda na gia kulikuwa na ukuta wa chuma usio na tundu. Aliita kwa sauti ya kawaida. Akaita kwa nguvu. Kisha akamgongea Koplo atoke.

Koplo alitoka na grisi sikioni, akasema mle ndani mtu anasikika kama anaongea ndani ya mtungi.

"Nilisema nini?"

"Ulisema chai, afande."

"Nilisema jina lako."

"Basi ni njaa," Koplo akasema, akajifuta sikio.

Jambo moja likawa limethibitika. Mtu angeweza kusimama kwenye kibanda na kulegeza breki bila kuona wala kusikia kwamba kuna binadamu nyuma ya ukuta. Kwa nini basi Shemeji ang'ang'anie kwamba alijua?

Inspekta akauinamia mkono wa breki. Ulikuwa fimbo nene ya chuma inayomfika mtu kifuani, na chini yake kulikuwa na meno ya kuikazia. Aliukagua kuanzia juu, polepole, kidole kikifuata chuma bila kukigusa. Kwenye ukingo wa jino moja, zimenaswa ndani ya grisi, kulikuwa na nyuzi mbili za manjano. Alizitoa kwa kibano, akaziweka kwenye bahasha.

Koplo alikumbusha kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu alivaa shati la manjano. Huyo walikuwa wamempotezea muda mwingi kabla Shemeji hajakiri. Aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba Taratibu akifa tu, winchi lile litaishia kwenye lori lake, na asubuhi ya kifo alionekana langoni. Ilibainika kwamba mlinzi alimfukuza, naye akaenda zake kwa kinyozi, na wakati mzee anakufa alikuwa na nusu ya kichwa imenyolewa mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu. Shati lake, Inspekta alikumbuka, lilikuwa la nailoni. Hizi zilikuwa nyuzi za pamba, laini, za nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mapambo ya uzinduzi nayo yalikuwa ya buluu na meupe. Hakukuwa na kitu cha manjano kwenye gati zima.

Kando ya winchi kulikuwa na banda lililogeuzwa chumba cha maonyesho. Ukutani zilitundikwa picha za zamani, zimekuzwa, na Inspekta alizipita moja moja bila haraka mpaka akafika kwenye moja iliyomsimamisha. Wanaume walikuwa wamejipanga kwenye ngazi ya winchi, weusi kwa masizi, wanacheka. Taratibu alikuwa katikati, mwembamba, bado kijana. Nyuma yao ulionekana mkono wa breki, na mkono ule ulikuwa umefungwa vitambaa, kimoja juu ya kingine, kama kamba ya kuanikia nguo.

Akamwita mlinzi.

Mlinzi aliitazama picha kwa muda. Alikuwa kuli wa gati hilo enzi zile, na alianza kwa kuwataja waliokufa, akinyooshea kidole nyuso. Kisha akaeleza, kama mtu anayeeleza jambo lisilohitaji kuelezwa. Mtu akitaka kuingia kwenye gia, alisema, alivua kitambaa chake cha jasho shingoni akakifunga kwenye mkono wa breki. Waliita kufunga roho. Kila mtu alikuwa na rangi yake, na maadamu kitambaa kipo, hakuna mkono utakaogusa breki, hata nahodha wa meli akitukana. Kukifungua ni mwenyewe, akishatoka. Dereva mmoja aliwahi kumfungulia mwenzake kwa kumsaidia tu, mwenzake yuko nje kabisa anakunywa maji, na bado walimsusa wiki nzima.

Inspekta aliuliza kwa nini hawakuwa wakiitana tu.

"Kwenye mvuke nani atakusikia? Mtu wa winchi haiti. Aliyeita tulimcheka, tukamwambia akauze samaki. Mwenye macho haambiwi tazama."

Hata boila lilipozimika, alisema, mazoea hayo hayakuzimika. Taratibu na Shemeji walisafisha winchi kimya kimya vilevile, kila mmoja akiangalia breki kabla ya kuishika. Vitambaa vya Taratibu vilijulikana kuliko vyote kwa sababu mkewe alimkatia kutoka kwenye magauni yake yaliyochakaa. Walimtania mpaka wakachoka, kwamba mama ndiye anayeshika breki nyumbani na ndiye anayeishika kazini. Yeye alijibu kwamba wao roho zao zimefungwa kwa matambara, yake imefungwa kwa mke.

"Siku ile alikuja na cha rangi gani?"

"Cha manjano. Kina vimaua vya kahawia." Mlinzi alikuwa ameona mzee akipita nacho shingoni asubuhi, na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa akijiuliza kilikwenda wapi. Kwenye mwili hakikuwapo. Kwenye gia hakikuwapo. Akavaa kofia yake, akaivua tena.

Inspekta alimuuliza juu ya ule ugomvi. Ni mlinzi aliyewaambia polisi kwamba alimsikia Shemeji akimfokea mzee kuwa ipo siku hili dude litakumeza, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamewekwa juu kabisa kwenye jalada. Sasa mlinzi alitikisa kichwa. Alisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, naye badala ya kushika jembe alifungua mdomo. Shemeji alikuwa akiyasema hayo kila mwaka. Alitaka mzee apumzike, kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua.

Waliofika kwenye winchi asubuhi ile walikuwa watatu tu. Taratibu mwenyewe. Shemeji, aliyekwenda dukani kuchukua brashi za rangi akarudi, akataka kushusha ndoano ili aipake. Na katikati ya hapo, mke wa mzee, aliyeleta chakula.

Hili la chakula Inspekta alilijua. Bakuli lililofungwa kwa kitambaa cheupe lilikutwa kwenye kipandio cha ngazi, halijaguswa, na mjane alikuwa amesema kwamba aliita, hakujibiwa, akaliacha. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Ungemwuliza nini tena mwanamke katika hali ile?

"Zamani wanawake hawakuvuka lango," mlinzi akasema. "Chakula aliniachia mimi. Safari hii nilimwambia apite, siku hizi ni mahali pa wote. Alifurahi, afande. Alisema kumbe dude lenyewe ndilo hili."

Maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni, akageuka kutazama ukuta.

*

Shemeji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake ina makovu ya makaa hadi kwenye viwiko, na alikaa kwa uangalifu kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine. Koplo alibaki mlangoni.

Inspekta hakufungua jalada.

"Kitambaa kilikuwa rangi gani?"

"Kitambaa gani?"

"Ulichokitafuta kwenye breki."

Shemeji aliitazama meza. Hewa ilimtoka puani polepole.

"Kilikuwapo," akasema. "Nilikiona. Nikakifungua, nikakitupa baharini, nikalegeza."

"Fundo lilikuwa gumu?"

"La kawaida."

"Siku ile ulimwambia Koplo breki haikuwa na kitu."

"Nilidanganya."

"Nimewasikia wauaji wengi. Huanza na uongo, wakibanwa wanasema kweli. Wewe umeanza na kweli."

Inspekta akaeleza, kwa sauti ileile, alichokuwa akikifikiri tangu gatini. Kati ya kauli ya kwanza na ya pili, Shemeji hakuwa amekwenda popote ila kwa dada yake, msibani. Aliingia pale akiwa mtu ambaye hajui kwa nini roho ya mzee haikuwa imefungwa. Alitoka pale akija kuomba kalamu. Kwa hiyo kuna kitu alikiona. Akazimimina zile nyuzi mbili kutoka kwenye bahasha juu ya karatasi nyeupe.

"Unasema kiko baharini. Nikikikuta nchi kavu, je?"

Ndipo Shemeji alipoinua macho.

"Afande, usiende kule."

"Kule wapi?"

Alijua ameteleza. Alikunja mikono, akaikunjua, na alipoanza tena kusema hakuwa anajitetea. Alisema yeye hana mke, hana mtoto. Moto wa boila ndiyo kazi pekee aliyoijua, na boila lilishazimika. Gerezani wanalala, wanakula, wanafagia. Haoni tofauti kubwa. Dada yake ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki; alimbeba mgongoni akienda kuchota maji.

"Mwache aamini ni mimi. Kunichukia ataweza. Hilo jingine hataliweza."

"Unajua mtu anayeua kwa kukusudia anahukumiwa nini?"

"Najua."

"Dada yako anakuja hapa kila asubuhi. Leo hakuuliza tena nani alimuua mumewe, maana tumeshamwambia ni wewe. Unajua alisema nini? Alisema amezika mume, na sisi sasa tunamzikia ndugu."

Shemeji aliweka kiganja usoni, na kovu la moto lililokuwa nyuma ya mkono wake likawa ndilo linalomtazama Inspekta. Alikaa hivyo mpaka Koplo akatoka na kusimama nje.

*

Nyumba ya mjane ilikuwa vyumba viwili na uzio wa bati. Waliokuja kuomboleza walikuwa wameshapungua. Walibaki wanawake wawili majirani waliokuwa wakiosha sufuria uani, nao walipomwona Inspekta walipunguza sauti bila kuacha kazi. Kwenye kamba ya kuanikia kulikuwa na mashati ya mwanamume, yamefuliwa yote, hata yasiyokuwa machafu.

Mjane alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mlango wazi. Alimkaribisha Inspekta akae, akamwita mwanangu, akauliza kama mdogo wake amekula. Aliuliza kama anavyouliza mtu juu ya mgonjwa aliyelazwa. Inspekta alisema amekula kidogo. Mjane akasema huyo tangu utotoni akila kidogo ujue amevunja kitu.

Mkononi alikuwa na kitambaa. Alikuwa nacho mazikoni, alikuwa nacho kituoni, na Inspekta alikuwa amekitazama mara zote hizo bila kukiona, kwa kuwa mwanamke aliyefiwa akiwa na kitambaa mkononi hakuna anayejiuliza. Kilikuwa cha manjano, kina vimaua vya kahawia. Kilipigwa pasi vizuri sana, mikunjo bado inaonekana, lakini katikati kulikuwa na mstari mweusi ambao sabuni haikuuweza, upana wa fimbo ya chuma. Pembe moja ilikuwa imenyofoka nyuzi.

"Hicho ni cha mzee?"

Mjane alikitandaza gotini. Alisema ndiyo, ni gauni lake mwenyewe, alilivaa mpaka likamchoka, akamkatia mzee vitatu na hiki ndicho cha mwisho. Kisha, kwa kuwa mtu alikuwa ameuliza, alieleza.

Alipeleka chakula. Lango lilikuwa wazi, mlinzi akamruhusu apite, na alipita. Miaka yote alikuwa akiliona dude lile kwa mbali tu, juu ya mapaa. Alisimama chini yake akaita, "Baba, chakula," mara mbili, hakuitikiwa, akafikiri labda ameenda haja. Akapanda ngazi hadi kibandani kuchungulia. Akakiona kitambaa kimefungwa kwenye lile lichuma. Kilikuwa kichafu kiasi cha kumtia aibu. Kesho yake wageni wanakuja, watu wa halmashauri wana suti, wapiga picha, na mzee asimame pale na tambara la grisi shingoni? Watu watasema ana mke wa namna gani?

"Alivyokaza fundo," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nilifungua kwa meno. Nikasema mzee huyu siku hizi anasahau vitu, akija nyumbani nitamcheka."

Alikwenda nacho nyumbani, akakifua, akakianika. Alikuwa anapasha pasi moto walipokuja kumwita.

Nje, majirani waliacha kuosha sufuria.

Inspekta alikaa kimya. Jalada lilikuwa kwenye mkoba, na ndani yake mlikuwa na maneno ya kukiri yaliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi, yanayotosha. Mjane alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu wa maneno machache maisha yake yote, na kimya alikuwa amejifunza kukisoma.

"Hiki kitambaa kina nini, mwanangu?"

Inspekta alimwambia. Alimwambia kwa maneno mafupi, bila kuyapamba, na bila kumshika mkono: kwamba gatini mtu akiingia kwenye gia hufunga kitambaa kwenye breki, kwamba anayetaka kushika breki haiti, anaangalia tu, kwamba Shemeji alirudi na brashi zake, akaangalia, breki haikuwa na kitu.

Mjane hakulia. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakifuata mkunjo wa pasi kwa ukucha.

"Wakati nafungua, alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Niliita."

"Mle ndani hasikii mtu, mama. Tumejaribu wenyewe."

"Kwa hiyo hakusahau," akasema. "Mimi nilikuwa nikisema anasahau."

"Hakusahau kitu. Alifanya kama alivyofanya siku zote."

Mjane aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayehesabiwa jambo. Akauliza tena.

"Na ndugu yangu anajua?"

"Alikuona nacho mazikoni."

"Ndiyo akaja kusema ni yeye."

"Ndiyo."

Aliinuka. Alitafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavivaa, akajitanda khanga kichwani. Jirani mmoja alisimama mlangoni kumzuia, akamwambia dada, pumzika kwanza, lakini mjane alimpita. Alimwambia Inspekta atangulie, kuna maneno anataka yaandikwe, na yaandikwe leo, kwa sababu mdogo wake hajazoea kulala kwenye sakafu.

*

Maelezo yake hayakuchukua muda. Alisema alichofanya na akakataa kukaa wakati anasema. Mkuu wa kituo alisoma karatasi, akasoma tena, akalifunga jalada la mauaji, akasema liandikwe upya kama ajali, kisha akaenda dirishani na kubaki huko.

Shemeji alitolewa. Walikutana kwenye chumba cha mapokezi, yeye akiwa na kamba za viatu mkononi. Hakumsogelea dada yake.

"Dada, ungeniacha."

"Nikuache uende wapi?"

Wakasimama. Askari wa zamu aliinamia kitabu chake kana kwamba kina jambo jipya.

"Nimevifua vitambaa vile tangu sijazaa," mjane akasema. "Vikija na mikunjo, vikija na grisi. Hakuna aliyeniambia ni vya nini. Si yeye, si wewe."

"Tulidhani unajua." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu wa kimo kile. "Kila mtu alijua."

"Kila mtu wa ndani ya lango."

Alimnyooshea kitambaa. Akamwambia amwonyeshe mzee alivyokuwa akifunga. Shemeji alitazama huku na huku, hakuona chuma, akakivuta kiti cha mapokezi chenye mgongo wa bomba. Alipiga magoti mbele yake. Vidole vile vinene vilizungusha kitambaa mara mbili, vikapitisha ncha chini, vikavuta, vikakaza. Vilifanya hivyo bila yeye kuvitazama. Mjane aliinama akalitazama fundo kwa karibu sana, na mikono yake yote miwili alikuwa ameipeleka nyuma ya mgongo, ameifumbata.

Kisha wakaondoka, Shemeji nyuma kidogo, viatu havijafungwa kamba. Walipofika kwenye kona ya ukuta mjane alisimama akamngoja ainame avifunge.

Kitambaa kilikuwa kielelezo. Hakingeweza kwenda nao. Inspekta alileta bahasha, akaandika juu yake namba ya jalada, akanyoosha mkono kwenye kiti. Akaurudisha. Alikaa kidogo akilitazama lile fundo, halafu akamwita Koplo, wakakibeba kiti kizima mpaka stoo ya vielelezo, wakakiweka kati ya baiskeli na mapanga, wakafunga mlango.

Tangu siku ile mapokezi pana upungufu wa kiti. Anayeuliza huambiwa akae kwenye benchi.